Anzia mstari wa nne

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, na nimeona heri nikae nikuandikie kwa utulivu kuliko kukujibu kwa maneno mawili matatu ya simu.

Umesema mhubiri mgeni aliyekuja usharikani kwenu alisoma Amosi 8:11, akafundisha kwamba njaa ya mwili ni jambo dogo la kupita, na njaa ya roho ndiyo ya kuogopwa. Wewe ulikuwa umekaa nyuma ukimfikiria yule mtoto uliyempima kliniki Ijumaa, mwenye umri wa miaka miwili na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Ukamfikiria na mama yake, aliyekuuliza kama Mungu amemsahau. Ndipo ukaniandikia: "Mama, Biblia inasema hivyo kweli? Na kama inasema, mimi nafanya kazi gani hapa?"

Hapana, mwanangu. Biblia haisemi hivyo.

Mstari alioutumia upo, tena unatisha. Mungu anasema ataleta njaa katika nchi, "si njaa ya kukosa chakula, wala kiu ya kukosa maji", ila ya kukosa kusikia maneno ya Bwana. Lakini mhubiri wenu aliingilia katikati. Fungua Biblia yako hapo hapo ulipo, uanzie mstari wa nne.

Amosi hakuwa kuhani. Alikuwa mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa, kule Yuda, na mtunza mikuyu. Mungu akamtoa huko akamtuma kaskazini, kwa Israeli, zamani za mfalme Yeroboamu wa pili, karne ya 8 kabla ya Kristo. Nchi ilikuwa imeneemeka. Amosi anawataja watu wanaojinyosha juu ya vitanda vya pembe, wanaokula wanakondoo na kunywa divai kwa mabakuli. Ibada nazo zilikuwa zimejaa: sikukuu, sadaka, nyimbo na vinanda. Katikati ya shibe hiyo, wafanyabiashara wamekaa sabato wakijiuliza itakwisha lini wafungue maghala. Mwili uko kwenye ibada, moyo uko kwenye mizani. Sabato ikiisha wanapunguza efa, kile kipimo cha nafaka, na wanaongeza uzito wa shekeli ya kupimia fedha ya mnunuzi. Wanauza hata takataka za ngano. Maskini ananunuliwa kwa jozi ya viatu.

Wewe umekulia Kilolo, huhitaji mtu wa kukufafanulia efa iliyochezewa. Umeiona lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi anafika shambani na gunia lake, linajazwa hadi mdomoni, linarefushwa kwa kushonewa kipande juu, linashindiliwa tena, na anayelipwa analipwa gunia moja. Baba yako alikuwa akisimama pale anatazama, anakubali, kwa sababu ada ya shule haingoji na viazi vikishachimbwa havikai. Kila nikiisoma sura hii ya nane namwona yeye amesimama pale kando ya shamba.

Sasa ndipo soma mstari wa 11. Mungu anawaambia watu hao: mmekuwa mkingoja ninyamaze ili mkauze, basi nitanyamaza. Waliwapunja wenzao chakula, nao wanakoseshwa neno. Watatangatanga toka bahari hata bahari wakilitafuta, wasilione. Njaa hiyo ya roho imetokana na njaa ya mwili waliyowasababishia maskini, na maneno hayo yalielekezwa kwa walioshiba. Kuyachukua na kumwambia mwenye njaa kwamba njaa yake ni ndogo ni kuupindua ujumbe wa Amosi kabisa. Nasema hivi bila kumhukumu mhubiri wenu, pengine hata yeye alifundishwa hivyo. Ila wewe usiubebe mzigo huo.

Zile takwimu ulizonionyesha ulipokuja likizo, za utafiti wa afya wa mwaka 2022, hazijanitoka. Nchi nzima, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Njombe ni nusu ya watoto. Iringa yetu ni zaidi ya nusu. Na hii ndiyo mikoa inayolisha wengine! Malori ya mahindi, viazi na mbao yanashuka mlima wa Kitonga usiku na mchana kwenda Dar es Salaam.

Sababu za kitabibu unazijua wewe. Mimi naziona za jikoni. Julai mahindi yamevunwa na bei iko chini, lakini deni la mbolea limeiva pamoja na mahindi yenyewe, kwa hiyo magunia yanaondoka. Januari nyumba ile ile inanunua mahindi kwa sado, kile kindoo kidogo cha kupimia, tena kwa bei ya juu. Maharage yameshauzwa, mayai yameenda mjini. Mama yuko shambani anapalilia tangu alfajiri, mtoto ameachwa na dada yake ambaye naye ni mtoto, na chakula ni uji mweupe uliopikwa asubuhi. Anakunywa, tumbo linajaa, analala. Halii. Ukimwambia jirani kwamba mtoto yule ana njaa atakushangaa, maana ametoka kula sasa hivi.

Hapo ndipo naona zile njaa mbili ulizoniuliza zinafanana sana. Zote mbili zinaweza kumkaa mtu aliyeshiba asijue.

Kwa hiyo usije ukadhani kwamba, kwa kuwa mhubiri ameikosea njaa ya roho, basi yenyewe haipo. Ipo, na inaua. Musa alipowakumbusha Israeli habari za jangwani, katika Kumbukumbu 8, aliwaambia Mungu aliwaacha waone njaa, akawalisha mana, kile chakula kilichoshuka kutoka mbinguni, ili wajue kwamba mwanadamu haishi kwa mkate tu. Endelea kusoma sura hiyo uone hofu yake Musa iko wapi. Iko kwenye siku watakapokuwa wamekula wakashiba, wamejenga nyumba nzuri, ng'ombe na fedha zimeongezeka, mioyo ikainuka wakamsahau Bwana. Na katika Kutoka 16 ile mana haikukubali kulimbikizwa. Aliyekusanya kingi hakubakiwa na cha ziada, aliyekusanya kichache hakupungukiwa, na waliojiwekea hadi asubuhi walikuta mabuu. Israeli walikuwa wakijifunza kumtegemea Mungu na kutompunja jirani katika kibaba kile kile, asubuhi ile ile. Mimi sijui namna ya kuyatenganisha mambo hayo mawili, na sioni kama Musa aliyatenganisha.

Tazama na Bwana wetu mwenyewe. Amefunga siku 40, anaona njaa, Ibilisi anamwambia ageuze mawe yawe mikate. Anakataa, na jibu lake ni maneno hayo hayo ya Kumbukumbu. Watu wengi wanaishia hapo, wanasema mnaona, mkate si kitu. Lakini huyo huyo aliyekataa kujitengenezea mkate akiwa na njaa yake, alipoona njaa ya watu wengine hakuwasomea mstari huo. Katika Marko 6 alikuwa amewafundisha mchana kutwa, jioni wanafunzi wakamshauri awaage wakajinunulie chakula vijijini. Akawajibu wawape wao chakula. Na katika Marko 5, binti Yairo alipofufuka na nyumba nzima imepigwa na bumbuwazi, Yesu ndiye aliyekumbuka kuagiza mtoto apewe chakula. Muujiza mkubwa namna ile, na mstari unaisha kwa chakula cha mtoto wa miaka 12. Wewe unayeshinda na watoto wodini, mstari huo ni wako.

Yohana 6 ndiyo sura ninayoipenda kuliko zote katika jambo hili. Mikate mitano ya shayiri, samaki wawili, wanaume kama elfu tano. Wakala wakashiba, wala hakuna mtu aliyeulizwa kwanza kama ana imani. Kesho yake, wakiwa Kapernaumu, ndipo anawaambia ukweli mgumu: mnanitafuta kwa sababu mlikula mkashiba. Halafu anasema, "Mimi ndimi chakula cha uzima." Wengi wakakwazika, wakaondoka. Hakuwafuata kuwadai mikate waliyokula jana. Aliwalisha kwa sababu walikuwa na njaa, na akawaambia ukweli kwa sababu walikuwa na njaa nyingine ambayo hawakuitambua. Naona kosa la watu wetu ni kuchagua siku moja kati ya hizo mbili. Kuna anayetaka jana tu, ya mikate, na kuna anayetaka leo tu, ya mahubiri.

Uliuliza pia kwa nini Luka ameandika "Heri ninyi mlio na njaa sasa" na Mathayo ameandika "wenye njaa na kiu ya haki". Pokea zote mbili. Katika Luka, mistari michache mbele, kuna "ole" kwa walioshiba, na hiyo haifafanuliwi ikawa laini. Na haki anayoitaja Mathayo inaingia hata kwenye mizani ya sokoni.

Sasa nije kwenye lile uliloliandika mwishoni, kwa haraka, kama vile hukutaka nilione. Umesema ukitoka zamu huna hata hamu ya kusali, na unaogopa kwamba njaa ya roho unayo wewe.

Mwanangu, soma 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kufanya kazi kubwa ya Mungu, ametishiwa na Yezebeli, amekimbilia jangwani, ameketi chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Nabii, huyo! Malaika alipokuja hakumkemea, wala hakumuuliza mara ya mwisho alisali lini. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwambia ale, maana safari ni kubwa mno kwake. Zile habari za mlima Horebu, za upepo na tetemeko na moto na ile sauti ndogo ya utulivu, zilikuja baada ya milo miwili na usingizi. Mungu aliujua mwili wa mtumishi wake. Kwa hiyo ukitoka zamu ya usiku, kula. Usinywe chai kavu ukaita chakula, nakujua wewe. Lala. Ukiamka, sema Baba Yetu peke yake, pole pole, na ukifika "utupe leo riziki yetu" mtaje yule mtoto. Hiyo ni sala kamili. Wala usiache kwenda kanisani kwa sababu ya mahubiri ya siku moja. Unahitaji kuimba na watu.

Na yule mama. Ulitaka nikupe neno la kumwambia akirudi kliniki.

Mimi ningemkumbuka Naomi. Alihama Bethlehemu kwa sababu ya njaa, akazikia mume na wana wawili ugenini Moabu, akarudi akiwaambia wanawake wa mji kwamba alitoka amejaa na Bwana amemrudisha mtupu. Alisema waziwazi, mbele za watu, na hakuna aliyemwambia anakufuru. Katika kitabu kile Mungu hamjibu kwa sauti kutoka mbinguni. Jibu linakuja kupitia ile sheria ya Walawi 19, kwamba mwenye shamba asivune hadi pembeni, amwachie maskini na mgeni. Boazi, mwenye shamba, aliitii, tena akazidisha. Ruthu, mkwewe Naomi, akaokota masazo kutwa, alipopura akapata kama efa nzima ya shayiri, inayokaribia debe letu. Ni efa ile ile ambayo huko kwa Amosi walikuwa wakiipunguza. Na bisi, zile nafaka za kukaanga, alizokuwa amesaza mchana akampelekea mama mkwe wake.

Basi akirudi, usimkatize anapolalamika. Usimwambie "Mungu hajakusahau" halafu ukamwita anayefuata kwenye foleni. Muulize nyumbani kuna nini, nani anabaki na mtoto yeye akienda kupalilia, kuku wanataga, na mayai yanakwenda wapi. Mwoneshe namna ya kuchanganya uji na karanga na dagaa, upike naye ikiwezekana. Muulize kama anaridhia umwambie mwinjilisti wenu, maana wanawake wa jumuiya wakipeana zamu za kukaa na watoto msimu wa palizi, nusu ya shida yake inapungua. Na akiuliza tena habari za Mungu, mjibu unachokiamini kweli, kwa maneno machache, uombe naye kama anataka.

Karanga nitakutumia mimi. Mjomba wako anakuja Mafinga wiki ijayo, nitampa gunia dogo, ugawe unavyoona. Niambie mtoto akipimwa tena amefikia kilo ngapi.

Mama yako