Kwa Wanaoanza Vidonge vya Saratani ya Ovari na Wanaowauguza

Haya nawaandikia dada zangu na mama zangu waliokabidhiwa boksi la kwanza la olaparibu, na zaidi namwandikia mtu wa nyumbani ambaye ndiye atakayekaa nao usiku na mchana. Mimi nilimuuguza mama mdogo hapa Unguja tangu alipomaliza dripu za tibakemikali na kuanzishiwa vidonge hivyo. Nililojifunza kubwa ni kwamba maudhi ya dawa hii yanajulikana na mengi yana ufumbuzi, lakini ufumbuzi huo hauanzi mpaka mgonjwa aseme. Wanawake wa visiwani tumelelewa tukisifiwa kwa kustahamili, na kustahamili ni jambo jema mahali pake. Katika tiba hii, mgonjwa anayenyamaza ili asiwasumbue watu anajiweka katika hatari.

Kwanza ondoeni dhana kwamba dawa inayoitwa tiba lengwa, yaani iliyotengenezwa kulenga seli za saratani, haigusi kitu kingine mwilini. Olaparibu huzuia kimeng'enya cha PARP, yaani protini ya kufanyia kazi ambayo seli huitumia kurekebisha vinasaba vilivyokatika. Seli ya saratani ambayo tayari ina kasoro katika jeni za BRCA1 au BRCA2 hukosa njia nyengine ya kujirekebisha, nayo hufa. Lakini uboho wa mifupa, ambao kila siku hutengeneza damu mpya, nao huathirika, na ndiyo maana vipimo vya damu ni sehemu ya tiba yenyewe. Picha kamili ya damu, yaani kipimo cha kuhesabu chembe zote za damu, huchukuliwa kabla ya kuanza, kisha kila mwezi katika mwaka wa kwanza, na baadaye kwa ratiba ya daktari. Mgonjwa akiwa mzima na anatembea sokoni, kipimo kile hakiachwi.

Linaloanza kuonekana kwa wengi ni kichefuchefu, na huwa kikali zaidi katika wiki za mwanzo. Vidonge humezwa mara mbili kwa siku, takriban saa 12 baina ya dozi na dozi, na ingawa vinaruhusiwa kumezwa na chakula au bila chakula, mgonjwa wetu alipata nafuu kubwa alipokula kitu chepesi kwanza. Kilichomshinda zaidi kilikuwa harufu. Kitunguu thomu kikikaangwa, au udi ukichomwa chumba cha pili, alianza kumeza mate na kugeuza uso ukutani kabla hajasema neno. Tukahamishia mapishi ya mchuzi saa ambazo amelala, na tukawa tunampa chakula kilichopoa, kwa sababu chakula cha moto hutoa harufu zaidi: uji wa mchele ulioachwa ukapoa, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha, samaki wa chukuchuku asiye na viungo vingi. Sahani ilikuwa ndogo na ilirudi mara nyingi. Ladha nayo hubadilika, wengine husema kila kitu kina ladha ya chuma. Kusukutua kwa maji yenye chumvi kidogo kabla ya kula humsaidia mtu, na kijiko cha plastiki si jambo la kuonea haya.

Hayo ni ya jikoni, na hayatoshi peke yake. Ombeni dawa ya kuzuia kutapika, kama metoklopramidi au ondansetroni, tangu siku ya kuandikiwa olaparibu, msisubiri mpaka mgonjwa akonde. Ondansetroni hufunga choo, basi ulizeni pia la kufanya kuhusu hilo. Akitapika baada ya kumeza kidonge, asimeze kingine badala yake. Na akisahau dozi, aendelee na inayofuata kwa wakati wake bila ya kuzidisha. Vidonge havisagwi wala havitafunwi, hata kama mgonjwa anaona tabu kumeza.

Uchovu ni jambo la pili, na hapa ndipo ninapowaomba muwe na jicho kali, kwa sababu uchovu wa dawa na upungufu wa damu hufanana. Tulikaa ghorofani Michenzani. Mama mdogo alizoea kupanda ngazi akizungumza. Ilipofika siku akasimama katikati, ameshika ukuta, anahema kabla ya kujibu salamu, tukajua hili si la kulala tu. Angalieni ndani ya kope la chini na viganja kama vimepauka, moyo kama unakwenda mbio hali amekaa, na kizunguzungu anapoinuka kutoka katika sijda. Ndugu watakuja na rosela, kiazi sekundu na vidonge vya kuongeza damu, na nia yao ni njema. Lakini upungufu huu mara nyingi hutokana na uboho kuelemewa na dawa, wala si ukosefu wa madini ya chuma, kwa hiyo vidonge vya chuma havitibu mpaka kipimo kioneshe kwamba chuma kimepungua kweli. Himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikishuka chini ya gramu 8 kwa desilita, kwa kawaida madaktari husimamisha olaparibu kwa muda, na pengine mgonjwa huongezewa damu. Pangeni mapema nani katika ukoo atakwenda kuchangia.

Uchovu ambao si wa damu una dawa yake pia, ingawa watu hawaiamini: kutembea kidogo kila siku, asubuhi kabla ya jua kali. Kulala mchana kutwa huuzidisha.

Homa ina hukumu yake. Hapa kwetu mtu akipata homa hupita duka la dawa, akanunua panadoli, akasubiri. Kwa anayemeza olaparibu, joto la nyuzi 38 au zaidi ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa chembe nyeupe zinaweza kuwa zimeshuka na maambukizi yakaenda haraka. Apimwe malaria, ndiyo, lakini apimwe na damu yote, na mtamkieni daktari wa zamu jina la dawa, au bora zaidi mwonesheni boksi lenyewe. Vivyo hivyo kikohozi kipya kikavu, kukosa pumzi, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Madhara ya mapafu, pamoja na maradhi ya damu yanayoweza kuanzia katika uboho, ni nadra, lakini hayangojewi.

Wengi huogopa kusema kwa sababu wanaogopa kupunguziwa dozi, wakidhani saratani itarudi. Dozi ya kawaida ya kuanzia ni miligramu 300 mara mbili kwa siku. Inaweza kushushwa hadi 250, kisha 200, na hatua hizo ziliwekwa tangu mwanzo katika maelekezo ya dawa. Mgonjwa anayedumu na dozi iliyopunguzwa yuko pazuri kuliko anayeacha yote kwa siri kwa sababu amechoka kutapika. Zingatieni tu kwamba kuna kidonge cha miligramu 100 na cha 150, na si kila wakati mgonjwa hutambua kwamba boksi limebadilika. Someni namba kabla ya kumpa.

Katika matunda, epukeni balungi na danzi, hata juisi yake na achari yake, kwani huzuia ini lisiivunje olaparibu na dawa ikazidi mwilini. Flukonazoli ya fangasi na klarithromisini ya kuua bakteria hufanya hivyo hivyo, na zote mbili watu huzipata dukani kwa urahisi. Rifampisini ya kifua kikuu na karbamazepini ya kifafa hufanya kinyume, huipunguza nguvu. Na dawa za miti shamba za unga au za kuchemsha, ambazo muuzaji mwenyewe hawezi kusema zimechanganywa nini, ziwekeni kando mpaka daktari au mfamasia aambiwe. Nayasema haya kwa heshima kwa wazee wetu wanaozitoa.

Kuhusu Ramadhani, baina ya alfajiri na magharibi hapa kwetu ni saa 13 na ushei. Mgonjwa anayetapika na mwenye damu ndogo hawezi kukaa muda huo bila maji pasipo kujidhuru. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani, Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Zungumzeni na daktari kwanza juu ya hali yake, kisha shekhe awaelekeze kama ni kulipa au fidia.

Wanaotumia niraparibu, kidonge kingine kinachozuia PARP, wana mambo yao: humezwa mara moja kwa siku, na kuimeza wakati wa kulala hupunguza kichefuchefu. Hii hushusha sana chembe za kugandisha damu, hivyo kipimo huwa kila wiki katika mwezi wa kwanza, na presha hupimwa mara kwa mara. Fizi kutoka damu au madoa mekundu ya ngozini yaripotiwe. Wanaopata dripu ya bevasizumabu, dawa nyengine ya saratani hii, wapimwe presha na mkojo, waseme kabla ya kung'olewa jino au kufanyiwa upasuaji wowote, na maumivu makali ya ghafla ya tumbo wayapeleke hospitali bila ya kusubiri asubuhi.

Mwisho ni safari. Anayetoka Pemba au anayevuka kwenda Dar es Salaam wakati wa kusi atatapika hata bila dawa, basi ameze dawa ya kuzuia kutapika kabla ya kupanda boti. Vidonge viwe katika mkoba wa mkononi, ndani ya boksi lake, mbali na jua na unyevu. Agizeni vingine vikiwa bado vimebaki vya wiki kadhaa, kwa sababu havipatikani kila duka, na katika daftari moja andikeni tarehe, dozi, joto la mwili, majibu ya damu na namba ya simu ya kliniki, ili yeyote atakayempeleka mgonjwa aweze kujibu maswali bila ya kumwamsha.