Ile raha ilikuwa ya uongo?

Mdogo wangu wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), umeuliza kama waliobadili jinsia kisha wakarudi kwenye jinsia yao ya kuzaliwa walikuwa wanajidanganya walipoona raha ya kuitwa "kaka" au kunyoa nywele. Wengi hawasemi hivyo. Raha wanakiri waliiona, ila siku hizi wanaieleza vingine.

Mwanamke mmoja atakwambia raha ilikuwa kupita sokoni bila kuvutwa mkono wala kuitwa "mtoto mzuri" (hata hapa Dodoma hilo tunalijua sana). Hakutaka kuwa mwanaume, alitaka kuachwa apite. Mwingine anataja kupata marafiki baada ya upweke mrefu. Kuna pia dawa yenyewe: testosteroni, homoni ya kiume, inaweza kuongeza nguvu na hamu ya mapenzi, mtu akaona huo ndio uthibitisho. Katika utafiti wa Lisa Littman wa 2021 uliohoji watu 100 waliorudi, 38 walisema walikuja kuona dhiki yao kuhusu jinsia ilitokana na jambo mahususi, kama kiwewe, kunyanyaswa au ugonjwa wa akili.

Ila usiwatie wote kapu moja. Utafiti wa Jack Turban na wenzake, 2021 pia, huko Marekani, uliwahoji watu waliowahi kurudi lakini bado wanajitambulisha kama waliobadili jinsia. Asilimia 82.5 walitaja angalau sababu moja ya nje, kama shinikizo la familia au unyanyapaa. Mtu aliyerudi kwa kubanwa na nyumbani hana sababu ya kuifasiri upya raha yake. Bado anaikumbuka vilevile.