Tairi la 28 Lililolizidi Gurudumu la 29

Mchana mmoja nilikaa chini ya mwembe kule Kayenze, Mwanza, nikimwangalia fundi akihangaika na gurudumu langu la nyuma. Jiwe lilikuwa limechana tairi ubavuni. Duka la spea lililokuwa jirani lilikuwa na tairi za saizi mbili tu: za inchi 26, na za 28 za Phoenix, zile baiskeli nyeusi ambazo huku Usukumani zimebeba kila kitu, kuanzia madumu ya maji hadi magunia ya mkaa. Yangu ilikuwa 29.

Fundi akasema tujaribu la 28, ni dogo kidogo, litabana tu. Likaingia kwa mkono, bila hata kuchokonoa na chuma. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, kwa sababu tairi linaloingia kirahisi namna hiyo halikai. Akapiga pampu mara chache, ukingo ukaruka nje ya rimu, tyubu ikachomoza ubavuni imevimba kama puto. Nilirudi mjini baiskeli ikiwa juu ya daladala.

Sababu ni hii. 26, 28 na 29 ni majina tu ya mazoea. Kipimo cha kweli kimeandikwa ubavuni mwa tairi kwa milimita, kwa mfano 50-559: namba ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha pale linapokaa kwenye rimu. 26 ya baiskeli za milimani ni 559. 27.5 ni 584. 29 ni 622. Na 28 ya Phoenix ni 635! Yaani "ndogo" inaizidi "kubwa" kwa milimita 13. Usinunue tairi wala baiskeli kabla hujaisoma hiyo namba ya pili.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue gurudumu gani, namwambia kwanza aende kwa fundi wa mtaani kwake, atazame tairi zilizoning'inia. Mitaa mingi ya Mwanza ninayopita nakuta 26 na 28 za Phoenix. Za 27.5 na 29 huwa nazifuata mjini, na si kila siku nazipata.

Sisemi 29 ni mbaya. Gurudumu kubwa hulipanda jiwe taratibu pale ambapo dogo hulipiga kwa kishindo, na likishachanganya mwendo halipungui upesi. Dogo nalo ni jepesi kuanza kuondoka na hukata kona haraka. Kwenye vichochoro vya kati ya miamba, kama vile vya Bugarika, utalishukuru. 27.5 iko katikati, ila kwa vipimo imeegemea zaidi upande wa 26. Katika mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, Jaroslav Kulhavý alichukua dhahabu kwa gurudumu la 29, na Nino Schurter aliyekuwa na 27.5 akawa wa pili, nyuma yake kwa sekunde moja. Tofauti ipo, lakini haitoshi kukunyima usingizi wewe unayenunua baiskeli ya kwanza.

Kinachostahili kukusumbua ni fremu. Mimi nina sentimita 158, na ile 29 ilikuwa na fremu ya mtu mrefu. Nikisimama ghafla mlimani, mguu haukufika chini vizuri, nikaangukia ubavu mara mbili kwenye changarawe. Kabla ya kulipa, simama ukiwa umelipitisha bomba la juu la fremu katikati ya miguu, nyayo zote chini: kati yako na bomba vipite vidole viwili au vitatu. Muuzaji akikwambia utazoea, ondoka. Mguu hauongezeki urefu kwa kuzoea.

Kama ni ya mtumba, zungusha gurudumu uone kama rimu inayumba kwenye breki, kisha ishike rimu uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, beringi zimekwisha au zimelegea. Shokapu za bei rahisi ziache, zinaongeza uzito na hulegea mapema. Tafuta uma (chuma kinachoshika gurudumu la mbele) wa kawaida wenye nafasi ya tairi nene, inchi 2 hivi, maana ukishuka kwenye mchanga wa ufukweni utapunguza upepo kidogo na tairi jembamba litazama. Punguza kwa kiasi tu. Na mbigili haziangalii saizi ya gurudumu, kwa hiyo beba viraka.

Sasa natumia 26. Ile 29 niliiuza kwa binamu yangu wa Nyegezi, ambaye ana urefu wa kuitosha, na siku hiyohiyo nilimpeleka mjini akanunua tairi moja la akiba la 622 na tyubu mbili. Zinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wake.