Kabla hujapendekeza chochote, nenda makaburini

Mwezi huu vijana wawili wa kwetu, mmoja wa Kigoma na mwingine wa Bukavu, wamechaguliwa kuingia kwenye bodi ya wadhamini ambayo mimi naiacha baada ya miaka sita. Wameniuliza waanzie wapi. Naandika kwa ajili yao na kwa wengine pia, kwa kuwa hapa Nova Scotia, Kanada, sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunaalikwa kwenye bodi hizi za kujitolea za urithi wa watu weusi, tunakubali kwa mapenzi mema, na mara nyingi hatujui tumebisha hodi kwa nani.

Wenye nyumba wapo, na wapo siku nyingi. Watu weusi wapatao 3,000 waliletwa huku mwaka 1783, baada ya vita vya uhuru wa Marekani. Wamaroni wa Jamaika, yaani watu weusi waliotoroka utumwa na wazao wao, walifika 1796. Kisha wakaja wakimbizi weusi wa vita vya 1812, kati ya Marekani na Uingereza, wapatao 2,000. Mimi na wewe tumeshuka uwanja wa ndege juzi. Rangi itakufanya ukaribishwe, lakini ukishakaribishwa kaa kama mgeni.

Bodi yetu inatunza kanisa dogo la zamani na makaburi yake. Katika kikao changu cha kwanza nilizungumza dakika 20 nzima: mgahawa, tovuti, ziara za watalii. Bibi mmoja, ambaye kila mtu pale anamwita Shangazi, alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akaniuliza kama nimeshafika makaburini. Sikuwa nimefika. Jumamosi akanipeleka. Mawe mengi hayana maandishi, lakini yeye alipita akitaja jina baada ya jina, na huyu alikuwa mtoto wa nani, na yule alikufa na nini. Niliporudi nyumbani niliuweka ule mpango kabatini, nikakaa miezi sita nasikiliza. Nawashauri mfanye hivyo hivyo, hata kama mwenyekiti anawahimiza mlete mawazo mapya.

Na msome habari za Africville, hata kama bodi yenu haihusiki nayo moja kwa moja. Kilikuwa kijiji cha watu weusi kando ya ghuba ya Bedford Basin, pembezoni mwa Halifax, mji mkuu wa Nova Scotia. Viwanja vya kwanza vilinunuliwa 1848, na mwaka uliofuata wakaanzisha kanisa lao. Walilipa kodi, lakini jiji halikuwapa maji ya bomba wala mfereji wa majitaka. Lililowapelekea ni reli, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza na, katika miaka ya 1950, jalala. Kati ya 1964 na 1970 nyumba zote zikabomolewa. Kanisa lilivunjwa usiku, mwaka 1967. Kuna familia zilizohamishiwa mizigo yao kwa malori ya taka ya jiji. Asiyeweza kuonyesha hati alipewa dola zisizozidi 500 aondoke.

Jambo linaloniuma kila nikilikumbuka ni kwamba mambo hayo yalipita kwenye vikao. Palikuwa na kamati, palikuwa na mtaalamu aliyeletwa kutoka Toronto, palikuwa na ripoti, na baadhi ya waliounga mkono waliamini kabisa kwamba wanawasaidia wale watu. Kwa hiyo mkiwa kwenye kikao, mkasikia mtu anasema "jamii inataka hivi", muulizeni nani katika jamii, na alimwuliza lini.

Halafu ombeni kuona hati miliki. Sisi tuliokulia kwenye kesi za viwanja hatuhitaji kufundishwa uchungu wa ardhi isiyo na karatasi. Huku watu weusi wengi waliwekwa kwenye ardhi bila kukabidhiwa hati, na ni mwaka 2017 tu ambapo serikali ya jimbo ilianza mpango wa kuwasaidia wakazi wa North Preston, East Preston, Cherry Brook, Lincolnville na Sunnyville kupata hati zao. Makaburi yetu tuliyakuta bado yako kwa majina ya wadhamini waliokwisha kufa zamani. Kulirekebisha hilo kulituchukua miaka miwili na mwanasheria.

Picha nazo ni amana. Familia moja ilituletea albamu tuinakili. Tukatundika kwenye maonyesho picha ya marehemu mama yao bila kuwauliza, kwa kuwa ilikuwa nzuri. Binti yake aliikuta ukutani siku ya ufunguzi, mbele ya wageni, akatoka nje. Nilimfuata nyumbani kwake mara tatu kuomba radhi. Kukubali kwake picha inakiliwe hakukuwa kukubali ionyeshwe. Siku hizi tuna fomu, lakini hata kabla ya fomu tunakaa na mwenye picha, tunanywa chai, tunamwuliza kila picha peke yake.

Upande wa fedha nitasema kwa ufupi. Ruzuku ya paa ni ya paa. Tuliwahi kuazima humo tulipe bili ya umeme ya majira ya baridi, tukashindwa kuieleza vizuri wakati wa ripoti, na mfadhili hakurudi tena. Taarifa ya mwaka ya shirika la hisani lazima ifike mamlaka ya kodi ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Msimwachie mweka hazina peke yake. Na kama zabuni inamhusu ndugu yako, sema, kisha utoke nje ya chumba.

Mtakuta pia ugomvi wa zamani. Jiji la Halifax liliomba radhi kwa Africville mwezi Februari 2010, likatoa dola milioni 3 na kipande cha ardhi. Mfano wa lile kanisa ukajengwa, na sasa ni makumbusho. Wapo wazawa walioridhika, wapo wasioridhika mpaka leo, wanaotaka fidia ya kila familia. Kwenye bodi yetu pia zipo nyumba mbili ambazo hazisalimiani tangu kabla sijafika. Msijaribu kuwapatanisha kwa kura. Wapeni wote muda sawa wa kusema, na andikeni kwenye kumbukumbu za kikao maneno yao jinsi walivyoyasema.

Shangazi sasa ana miaka 88. Amekubali kuzunguka makaburi nasi kabla theluji haijaanguka, ayataje yale majina huku tukimrekodi. Nimeshaliweka kuwa jambo la kwanza kwenye ajenda ya kikao chenu. Atahitaji kiti cha kubebeka, thermosi ya chai, na mtu wa kumshika mkono pale kwenye mteremko, upande wa mto. Kinasa sauti kipo kabatini kanisani. Betri zake hazikai, nunueni mpya.