Mwanangu, karatasi zitangulie

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa na mama yako. Unauliza: masomo ya likizo ya Julai uende Seoul wiki sita au Shanghai wiki nne, na je, krediti za huko, yaani uzito wa kila somo katika shahada, zitahesabiwa chuoni kwenu au itakuwa ni matembezi tu? Sikutaka kukujibu kwa simu, maana hilo la pili limeshawahi kuumiza ukoo wetu.

Wamkumbuka mtoto wa shangazi yako aliporudi kutoka Asia, cheti kimetiwa fremu, kikatundikwa sebuleni juu ya televisheni. Alipokipeleka idarani kwao, akaambiwa kile ni cheti cha kuhudhuria. Hakina alama wala idadi ya saa, hawawezi kukihesabu. Mwaka uliofuata akalisoma somo lilelile upya, kwa ada nyingine. Shangazi yako alikuwa ameuza bangili zake kwa safari ile. Mpaka leo mikono yake mitupu nikiitazama, naumia.

Kazi ya kliaringi, ya kutoa mizigo bandarini, wewe waijua, umekulia ndani yake. Kontena ikishuka Kilindini, bandarini kwetu Mombasa, kabla karatasi hazijatimia, siku za bure zikiisha storeji, ada ya kuuweka mzigo, inaanza kuhesabiwa, hata mzigo uwe mzuri vipi. Sasa fanya hivi. Kabla hatujalipa hata shilingi, chukua silabasi ya kila somo unalolitaka, umpelekee mwenyekiti wa idara yako. Aone saa za darasani ni ngapi (somo la krediti tatu huko Korea kwa kawaida ni saa 45), aone mitihani na kazi za kuandika. Akiridhika, akuandikie barua, atie sahihi, na alitaje kwa jina somo la kwenu ambalo hilo litashika nafasi yake. "Nenda tu, tutaona ukirudi" usilikubali, hata akisema kwa upole. Na kule utakakosoma, waulize mapema jinsi wanavyotuma rekodi rasmi ya alama moja kwa moja kwa chuo chako.

Ulizia pia kama chuo chenu kina mkataba wa kubadilishana wanafunzi na chuo chochote cha huko. Mkataba ukiwepo, mara nyingi ada ya masomo husamehewa, tukabaki na nauli, malazi na chakula. Ufadhili mkubwa wa serikali ya China au ya Korea hasa ni wa wanaokwenda kusomea shahada nzima. Kwa wiki nne tusiutegemee. Na yeyote atakayekwambia utume pesa za "kushika nafasi ya ufadhili" kwa M-Pesa, huyo mfute kwenye simu.

Barua ukiipata, mimi nasema Shanghai. Najua moyo wako uko Seoul, na Yonsei si chuo kidogo, kimesimama tangu 1885. Lakini wewe, mamangu, unasomea uchukuzi na biashara ya kimataifa. Mwaka 2024 bandari yetu ilivuka kontena milioni 2 kwa hesabu ya zile za futi 20, na kwetu ilikuwa habari kubwa. Shanghai mwaka huohuo ilipita milioni 50. Tangu 2010 hakuna bandari ya kontena duniani inayoishinda. Bandari yao ya Yangshan iko visiwani, na wamejenga daraja la zaidi ya kilomita 30 juu ya bahari ili malori yaifikie. Nimekulia kwenye foleni ya feri ya Likoni. Natamani daraja hilo ulione kwa macho yako. Maisha yangu yote nimesimama upande wa kupokea. Nafungua kontena, natoa mzigo, sijui ulipakiwa vipi wala na nani. Ulipokuwa darasa la nne nilikupeleka Fort Jesus, ukasimama mbele ya vigae vya sahani za Kichina, ukauliza zilifikaje huku. Nikakwambia zilikuja na vyombo vya baharini, nikaishia hapo. Sikuwa na la kuongeza. Nenda ukauone upande wa pili.

Chuo cha Fudan, hukohuko Shanghai, wana masomo ya Julai kwa Kiingereza, anzia hapo. Joto usilidharau: Julai huku Kusi inavuma na tunajifunika shuka, kumbe huko ndio msimu wa jua kali. Chakula kisikutie hofu, vyuo vikubwa vya China huwa na mkahawa wa Waislamu. Tafuta maandishi yanayosomwa "qingzhen", yaani halali. WhatsApp imefungwa kule, kwa hiyo sote tuweke WeChat kabla hujaondoka. Wametutangulia saa tano. Ukimaliza Magharibi nipigie, huku itakuwa saa nane mchana na nitakuwa nimeshakula.

Pesa nitaziweka kwa dola mapema, kidogo kidogo. Januari 2024 dola ilifika kama shilingi 160, na Aprili ikawa karibu 130. Sitaki ada yako inikute kwenye wimbi kama lile.

Jana usiku nimeitoa pasipoti yako kwenye sanduku la mama yako, ile uliyoendea Umra. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano imo ndani, nayo tangu 2016 haina kuisha muda. Ila pasipoti yenyewe inaisha Oktoba, na viza ya China ya masomo mafupi, wanayoiita X2, huombwa kwa pasipoti yenye angalau miezi sita mbele. Jaza ombi la mpya kwenye eCitizen wiki hii. Ukija Ijumaa tutakwenda pamoja kupiga picha na alama za vidole, na barua ya mwenyekiti njoo nayo mkononi, nataka kuisoma mwenyewe.

Baba yako