Fundi aliniuzia betri mbovu, na yangu akabaki nayo

Mbukwenyi wadau.

Juzi saa tano usiku kuna kaka kanitumia meseji, yuko Kisasa, ana Prius ya 2010, pembetatu nyekundu imewaka kwenye dashibodi, fundi kaipima kwa mashine ikaleta namba ya hitilafu P0A80, akaambiwa betri kubwa imekufa alete milioni tatu na laki mbili. Mwisho kaandika, "dada nifanyeje, mishahara yetu unaijua."

Naijua kaka. Nimekaa nikamwandikia majibu marefu mpaka simu ikaisha chaji, asubuhi nikaona bora niyaweke hapa, maana najua hauko peke yako, wote tuliohamia huku Dodoma na ofisi za serikali tulinunua haibridi, hizi gari za injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, kwa hesabu ile ile, Mtumba kwenye ofisi ni mbali, mafuta ni ghali, tukachukua gari inayokunywa kidogo. Hesabu ya betri hatukuipiga.

Mimi ilinianza mwaka juzi. Kwanza feni ya nyuma ikawa inapiga kelele kama kuna mtu anapuliza moto kule, nikapuuza. Halafu ile mistari ya chaji kwenye kioo ikawa inapanda mpaka juu, nakaa kwenye foleni dakika mbili tatu, imeshuka miwili, naanza kuondoka inapanda tena. Mimi nikajua ndo ubora wenyewe, gari inajichaji haraka! Kumbe betri ambayo inajaa haraka na kuisha haraka ni kama ndoo iliyojaa mawe, maji yanayoingia ni kidogo. Mwezi mmoja baadaye pembetatu hiyo, gari ikawa nzito.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja, simtaji na gereji yake siitaji. Nilienda na kaka yangu, na hapo ndo kosa, maana yule fundi tangu tumefika aliongea na kaka tu. Gari ni yangu, kadi ina jina langu, pesa ni yangu, lakini nikiuliza swali anajibu kwa kumwangalia kaka, ambaye yeye hata tairi hajawahi kubadilisha. Nikauliza "inawezekana ni moduli chache tu ndo zimekufa?" nilikuwa nimesoma soma kidogo kwamba betri kubwa imeungwa kwa vipande vingi, ndo hizo moduli. Akacheka, akamwambia kaka, "shemeji amesoma google." Mimi sio shemeji yake. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko chai inanishinda.

Akatoa ofa. Betri used kutoka Dar, "imetoka kwenye gari ya Japani kabisa haijatembea", milioni moja na laki sita, ila nikimwachia betri yangu ya zamani anapunguza laki mbili. Nikaona mchongo! Betri mbovu ananipa laki mbili? Nikalipa milioni moja na laki nne, risiti hakuna, waranti ya mdomo "dada ikisumbua unaniletea tu". Siku tatu gari ikarudi, taa zimezima, nikampikia na wali.

Ikanipeleka miezi minne. Nilikuwa naenda Morogoro msibani, niko na mama na watoto wawili wa dada, kufika Pandambili gari ikakata nguvu, feni inalia, pembetatu hiyo hapo, saa nane mchana jua la Oktoba mnalijua. Kuna kijana wa bodaboda akasema tufunge kamba pikapu ituvute mpaka Kibaigwa, na hapa sikieni vizuri, msikubali. Prius ina mota zimeunganishwa na matairi ya mbele, ukiivuta matairi hayo yakiwa chini yanazunguka yanazalisha umeme na unaweza kuua vitu vingine vya gharama kubwa zaidi. Ama inyanyuliwe mbele au ibebwe nzima. Sisi tulisubiri mpaka saa kumi na moja tukapata fuso linarudi tupu Dodoma, tukalisogeza kwenye kingo ya udongo tukapandisha gari kwa kusukuma. Mama akaenda msibani na basi, kasimama mpaka Gairo.

Fundi simu hapokei. Nilipomfuata akasema nimeendesha vibaya.

Na kuna jambo wengi hawalijui, niliambiwa pale barabarani na wazee watatu tofauti kwamba niichomoe tu hiyo betri kubwa nitembelee injini ya mafuta. Haiwezekani. Prius haina stata kama gari za kawaida wala oltaneta, injini inazungushwa na mota inayokula umeme wa betri kubwa. Betri hiyo ikifa kabisa, hata tanki likijaa mafuta gari ni kabati.

Basi nikakaa na hasira wiki mbili napanda daladala. Halafu nikapata kijana mmoja Chang'ombe anatengeneza inveta na redio, hajawahi kugusa haibridi maishani, lakini aliniambia "anti, mimi gari siijui ila volti nazijua". Hilo tu lilinitosha. Tukaifungua nyumbani kwangu Nzuguni, sebuleni, kwenye mkeka.

Kabla hujafanya chochote niliyofanya mimi, hiyo kitu inaua. Ni volti zaidi ya 200, sio betri ya pikipiki. Kuna plagi ya rangi ya chungwa nyuma, unaichomoa kwanza, unaiweka mfukoni mwako wewe mwenyewe asije mtu akairudisha, halafu unasubiri dakika 10 umeme uliobaki kwenye mfumo uishe. Glavu ziwe za umeme, sio za kuoshea vyombo. Pete, bangili, cheni, saa, vua vyote, mimi nilikuwa na bangili za shaba za bibi nikaziacha kwenye bakuli jikoni. Na hata plagi ikitoka, moduli zenyewe bado zina umeme wake, hiyo plagi imekata mnyororo katikati tu. Kama huna mtu anayeujua umeme, usifungue. Na kama gari yako ni Prius Alpha ya siti saba, hiyo ina lithiamu, mambo yake ni mengine, haya ninayosema ni ya Prius za kawaida za zamani zenye nikeli.

Ndani kuna moduli 28, kila moja ina seli sita, kila seli volti 1.2, ndo unapata ile 201.6. Tulipofungua kifuniko mimi nilicheka kwa uchungu. Moduli zilikuwa za familia tofauti! Namba zake hazifuatani hata kidogo, na juu kuna maandishi ya maka pen, ya watu wawili tofauti, mmoja kaandika kwa nyeusi mmoja kwa bluu, moja imeandikwa "jaribu". Yaani nimeuziwa milioni moja na laki nne moduli iliyoandikwa "jaribu". Hapo ndo nikaelewa kwa nini aliitaka betri yangu ya zamani. Betri yangu labda ilikuwa na moduli mbili mbovu na 26 nzima, na sasa hivi ziko kwenye gari ya mtu, labda wewe unayesoma.

Tukapiga picha kwanza jinsi zilivyopangana, maana zinapishana chanya na hasi, ukikosea kurudisha umetengeneza shoti. Tukaziandika 1 mpaka 28. Zikipumzika, yaani hazijaunganishwa na kitu, nyingi zilikuwa volti 7.8 hivi, namba 17 ikasoma 6.5, hiyo seli moja imekufa haina mjadala. Lakini msiishie hapo, ndo wengi wanapopigwa, volti ya kupumzika inadanganya. Tulichukua balbu ya taa ya mbele ya gari, tukaunganisha kwa kila moduli dakika mbili, unaangalia inashuka mpaka wapi. Nzima zilishuka kidogo tu zikatulia 7.5, namba 4, 11 na 22 zikaporomoka chini ya 7 wakati zilionekana nzima kabisa. Jumla mbovu nne. Na vile vyuma vya shaba vinavyounganisha vilikuwa vya kijani kama mboga, tukaviosha kwa siki na msasa laini mpaka vikang'aa.

Feni sasa. Tundu lake la kuvutia hewa liko pembeni mwa siti ya nyuma, pale pale watoto wanapotupa sweta. Nilitoa vumbi limegandamana kama kapeti, jekundu, vumbi la Dodoma hili hili, na ganda la karanga. Betri ilikuwa inapikwa. Ukiniuliza nini kinaua haibridi hapa mjini nitakwambia joto na hilo tundu, kulisafisha ni nusu saa na brashi.

Moduli nne nilinunua elfu sabini kila moja, nilienda na balbu yangu, muuzaji akanuna, nikamwambia nanunua ninazopima. Chaja ndogo ya laki kasoro kumi, kijana nikampa laki na nusu, siki, msasa na glavu elfu arobaini. Jumla laki tano na sitini. Kuchaji moja moja kulichukua wiki mbili, kazi ya kuchosha sina la kusimulia, ila tulikosea usiku wa kwanza tukachaji moja ikiwa huru ikavimba tumbo, zinatakiwa zibanwe katikati ya mbao wakati wa kuchaji. Mwisho tukaunga zote chanya kwa chanya hasi kwa hasi zikalala hivyo siku moja na nusu zilingane, ndo tukarudisha, nati unakaza taratibu maana ncha zake zinakatika.

Gari iliwaka saa mbili usiku. Nilipiga kigelegele jirani akaja kuuliza nani kaolewa.

Sasa nisiwadanganye, hii ni tiba ya kusogeza siku. Huu ni mwezi wa kumi tangu iwake, na kwenye mwezi wa sita nilibadilisha moduli nyingine moja, maana ukiweka nzima kati ya wazee, mzee anayefuata anaanguka. Mimi naenda Mtumba na kurudi, inanitosha. Kama kila wiki uko barabara ya Dar, changa ununue mpya tu. Lakini wanawake wenzangu, na nyie kina kaka mnaoona aibu kuuliza, pima kabla hujalipa. Anza na ile betri ndogo ya volti 12 kwenye buti, ikichoka nayo inawasha mataa ya ajabu. Mwambie fundi akuonyeshe volti za moduli moja moja kwa macho yako, akikataa ondoka. Dai risiti. Na betri yako ya zamani usimwachie mtu, beba, hata kama itakaa stoo na kuku. Tumezidi kuwaogopa mafundi kama waganga, mtu anakwambia milioni tatu unasema asante, gari umenunua kwa mkopo wa miaka minne halafu unaona aibu kuuliza swali moja.

Kaka wa Kisasa, balbu yangu na waya zake vipo, njoo Nzuguni uchukue jioni yoyote. Ila uirudishe, ile ya kwanza nilimwazima mtu mwezi wa tatu, na yeye hapokei simu.