Irudishie Kwanza 1JZ Yako Nguvu Iliyopotea

Gari langu ni Toyota Cresta ya toleo la JZX100 iliyotengenezwa mwaka 1997, nayo inatumia injini ya 1JZ-GE: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,491, na nguvu za farasi 200 ilipotoka kiwandani. Mwaka wa tatu tangu nilinunue, nilikuwa nikipanda mlima Kitonga kuelekea Iringa nikiwa na abiria watatu na mizigo, na gari likashindwa kulipita lori lililosheheni, huku mshale wa joto ukianza kupanda. Nilirudi Dar es Salaam nikiwa nimekwisha kuamua kuifungia injini turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada. Fundi mzee niliyempelekea shauri hilo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kati ya farasi hao 200, unajua wamebaki wangapi?" Sikuwa na jibu, na ninaandika makala haya kwa ajili ya kila mmiliki wa Cresta au ndugu zake wa Toyota, Mark II na Chaser, ambaye naye hana jibu la swali hilo.

Injini hizi ziliundwa kwa uangalifu mkubwa. Silinda sita za mstari mmoja hujisawazisha zenyewe kiasi kwamba injini hutulia bila kuhitaji shafti za ziada za kutuliza mtikisiko, na bloku yake ya chuma cha kalibu hustahimili mzigo mzito kuliko ule iliyokusudiwa kuubeba. Ubora huo ndio unaotudanganya. Injini ya silinda nne ikiwa na silinda moja dhaifu hutetemeka hadi dereva aone haya kusimama kwenye taa, ilhali silinda sita zinaweza kuwa na mbili zilizochoka na gari bado likaenda kwa upole, kwa hiyo mwenye gari huamini kwamba injini ni nzima na kwamba kinachokosekana ni kifaa kipya.

Kwa sababu hiyo, fedha ya kwanza ilipe kazi ya kupima mgandamizo wa silinda, yaani nguvu ambayo kila silinda inaibana hewa iliyomo ndani yake. Injini ipashwe moto hadi joto lake la kawaida, plagi zote sita zitolewe, pampu ya mafuta na mfumo wa cheche vikatiwe umeme, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho, na betri iwe na chaji ya kutosha kuizungusha injini kwa kasi ileile kutoka silinda ya kwanza hadi ya sita. Ukiona fundi anapima injini ikiwa baridi, au anapima bila pedali kukanyagwa, msimamishe kwa heshima, kwa maana vipimo vyake havitakusaidia kuamua lolote. Cha kutazama zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda, na tofauti inayozidi asilimia 10 inatosha kuwa sababu ya kuendelea kuchunguza. Kwangu silinda nne zilisoma kati ya 170 na 175 kwa kipimo cha psi (pauni kwa inchi ya mraba), lakini ya tano ilisoma 148 na ya sita 152.

Fundi alimimina oili kidogo, kiasi cha kijiko kimoja, ndani ya silinda hizo mbili, kisha akapima upya. Vipimo vingepanda, ringi za pistoni ndizo zingekuwa zimechoka, kwa sababu oili huziba mwanya wa ringi kwa muda mfupi. Havikupanda, na hiyo ilimaanisha kwamba mgandamizo ulikuwa ukitorokea juu, kwenye valvu au kwenye gasketi ya silinda hedi. Hedi ilipofunguliwa tulikuta valvu za kutolea moshi za silinda hizo zimeungua kingo zake. Zilibadilishwa, viti vyake vikasagwa, hedi ikapimwa unyoofu, sili zote za valvu zilizokuwa zimekauka kama plastiki zikatupwa, na nafasi za valvu zikapangwa upya kwa visahani vyake vya unene mbalimbali, kazi ambayo mafundi wengi huiruka kwa kuwa inakula muda. Kwa kuwa mkanda wa taimingi ulikuwa tayari mikononi, nao ulibadilishwa pamoja na roli zake, pampu ya maji na sili za shafti. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na gari lililonunuliwa mtumba bila kumbukumbu ya matengenezo lihesabiwe kuwa limezipita.

Baada ya hapo tulishughulikia joto, na hapa nina neno zito la kusema. Katika gereji zetu limezoeleka jambo la kuitoa thamostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi ya joto haina haja nayo. Gari langu lilikuwa limetolewa yake kabla sijalinunua. Thamostati ya injini hii huanza kufunguka maji yanapokaribia nyuzi 82, na kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto la kufanyia kazi kisha kulituliza hapo. Ikikosekana, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, hudhani injini ingali baridi, inaongeza petroli, na petroli hiyo ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda hadi ringi zinalika kabla ya wakati. Kosa la kuchemsha mlimani lilikuwa kwingine kabisa: rejeta ilikuwa imejaa kutu kwa sababu ya miaka mingi ya kutiwa maji ya bomba matupu, na kikombe cha feni, yaani klachi inayoiunganisha feni na injini, kilikuwa kimepoteza majimaji yake mazito, hivyo feni ilizunguka kwa ulegevu. Niliweka rejeta mpya, kikombe kipya, mfuniko mpya wa rejeta, thamostati ya asili, na maji yaliyochanganywa nusu kwa nusu na kipoozeo. Mtu asiyetaka kugharamia mfumo wa kupoza asianze kabisa safari ya kuongeza nguvu, kwa kuwa kila farasi unayemwongeza anakuja na joto lake.

Kuhusu hewa, nawasihi wasomaji waliache boksi la chujio la kiwandani mahali pake. Chujio lenye umbo la pia linalofungwa wazi chini ya boneti lina sauti ya kuvutia, lakini linavuta hewa iliyokwisha kupashwa na injini. Hewa yenye nyuzi 62 ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 9 ikilinganishwa na hewa ya nyuzi 32 iliyoko nje ya boneti siku ya kawaida ya Dar es Salaam, na injini huishi kwa uzito wa hewa inayovuta. Eksozi nayo inastahili kukaguliwa, hasa kile kichujio cha gesi chafu chenye matundu kama masega, kwa sababu kikiziba injini hukosa pumzi. Plagi, koili na nozeli zilizosafishwa zinakamilisha orodha.

Nilikuwa nimepima gari kabla ya kazi na nililipima tena baada yake, alfajiri, kwenye kipande kilekile cha barabara tambarare, nikiwa na abiria yuleyule na tangi likiwa nusu. Kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa katika gia ya pili lilikuwa likitumia sekunde 5.8, na sasa linatumia 4.9. Sikuwa nimeongeza kifaa hata kimoja ambacho Toyota hawakukiweka.

Kwa wale ambao hata baada ya hapo wanataka zaidi, ninaelewa hamu hiyo, na ina sababu za kweli. Injini isiyo na turbo hudhoofika mahali palipoinuka: Nairobi au Mbeya, kwenye takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Lakini 1JZ-GE ya umri wa gari langu ina uwiano wa mgandamizo wa 10.5 kwa 1, yaani hewa hubanwa hadi sehemu moja ya 10.5 ya ujazo wake, ilhali 1JZ-GTE ya miaka hiyohiyo, iliyoundwa kwa turbo tangu mwanzo, ina uwiano wa 9 kwa 1. Ukiisukumia hewa ya turbo injini ya GE bila kubadilisha pistoni wala kuipangia upya mafuta na cheche, mchanganyiko huwaka kabla ya wakati wake na kugonga pistoni kama nyundo. Rafiki yangu alifanya hivyo, na kabla ya miezi miwili kwisha pistoni mbili zilikuwa zimepasuka kwenye mifereji ya ringi. Nilisimama naye gerejini siku hedi ilipofunguliwa, na sikupata neno la kumfariji.

Njia ninayoishauri ni kununua 1JZ-GTE nzima, ambayo kiwandani iliandikiwa nguvu za farasi 280. Inunuliwe pamoja na waya zake zisizokatwa na kontroli boksi yake, mgandamizo upimwe mbele yako kabla hujalipa, na shafti ya turbo itikiswe kwa vidole ili kuona kama imelegea. Bajeti ihesabu pia giaboksi inayoweza kuuhimili msokoto wake, pampu ya mafuta yenye nguvu zaidi, na breki za gari lililotoka kiwandani na turbo. Ujazo wa injini utabaki uleule, lakini namba ya injini itabadilika, na namba hiyo imeandikwa kwenye kadi ya usajili. Kwa hiyo dai stakabadhi ya ununuzi kutoka kwa muuzaji, ukaripoti mabadiliko Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na kwa kampuni yako ya bima kabla gari halijarudi barabarani.